Barua ya wazi kwa Jaji Mkuu: asilimia arobaini ninayo, ufunguo sina

Nzuguni, Dodoma
Mei 2025

Kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu,
Mahakama ya Tanzania,
Dodoma.

Nakala: Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria, Mtumba.

YAH: HUKUMU ZA MALI ZA NDOA ZINAZOGAWA ASILIMIA NA KUACHA FUNGUO KWA MMOJA

Mheshimiwa,

Shikamoo. Mimi ni mama lishe, nina miaka 51 na elimu yangu ni ya darasa la saba, kwa hiyo nikikosea mpangilio wa barua unisamehe. Nakuandikia kutoka kwenye chumba cha kupanga hapa Nzuguni, shilingi 50,000 kwa mwezi, kodi ya miezi sita kwa mkupuo kama ilivyo desturi ya wenye nyumba wa mji huu. Upande wa pili wa mji, Nkuhungu, ipo nyumba ya vyumba vinne, na uani ina vyumba vitatu vya wapangaji. Machi 2023 mahakama moja ya mkoa huu ilitamka kwamba asilimia 40 ya nyumba hiyo ni yangu. Leo ni miezi 26. Sijalala ndani yake hata usiku mmoja, na sijapata kutoka kwake hata hela ya chumvi.

Kabla ya kuja hadharani nilipita mlango wa kawaida. Barua yangu ya kwanza ilipokelewa ikagongwa muhuri. Ya pili niliambiwa jalada limekwenda kuchapwa, nisubiri. Ya tatu sikujibiwa kwa maandishi. Nilijibiwa dirishani na kijana ambaye kwa umri ni mwanangu: "Mama, si hukumu ulishapewa? Unataka nini tena?" Sidhani alikuwa na ubaya, aliuliza kama mtu asiyejua kweli. Basi barua hii ndiyo jibu lake. Ofisi yenyewe siitaji, hakimu simtaji, na baba watoto wangu simtaji, maana watoto wanatumia jina lake na mdogo wao bado yuko kidato cha tatu.

Tulifunga ndoa mwaka 1998. Kiwanja tulikipata 2011, enzi za CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyokuwa ikigawa viwanja hapa, na barua ya toleo, ile ya kupewa kiwanja, ikaandikwa jina la mwenzangu kama zilivyoandikwa nyingi za wakati ule. Yeye alikuwa dereva wa lori, wiki moja nyumbani, wiki tatu barabarani. Mimi nilikuwa napika. Nilianza na mafundi waliokuwa wanajenga Chuo Kikuu cha Dodoma, ugali na maharage, siku nyingine ugali na mlenda kwa wale Wagogo wenzangu. Serikali ilipohamia na ujenzi ukaanza Mtumba, nikahamishia masufuria huko. Nyumba ilipanda kwa hela ya lori na hela ya sufuria. Nani alitoa zaidi, mimi sijui kwa hesabu ya kalamu, na yeye pia hajui, ingawa mbele ya hakimu alisema anajua.

Niliulizwa risiti. Nilichokuwa nacho ni kauntabuku ya mchezo wetu wa kina mama: wanawake 20, kila mmoja 5,000 kwa wiki, anayepokea anaandika amepeleka wapi. Ukurasa wangu mmoja wa 2012 unasomeka hivi: "Zamu yangu 100,000. Saruji mifuko 6, 84,000. Guta 10,000. Chenji vitunguu na mafuta." Kurasa mbili zilikuwa zimegandana kwa mafuta ya alizeti, hakimu akazibandua kwa ukucha, taratibu, nikamheshimu kwa hilo. Lakini risiti ya saruji yenyewe iliandikwa jina la mwenzangu, kwa sababu hata mimi nilipokwenda dukani muuzaji aliuliza, "Mwenye nyumba anaitwa nani?" nikataja jina la mume. Ndivyo tulivyolelewa.

Naomba hapa nieleweke: sikuja kulalamikia 40. Msaidizi wa kisheria wa kata yetu alinieleza kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, inaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, iangalie madeni, mahitaji ya watoto na desturi za jamii, kisha ielekee kwenye mgawanyo sawa. Akanieleza pia kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya 1983, ambamo Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali ilisema kazi za mke nyumbani nazo ni mchango. Nilifurahi, mpaka aliponiambia Bi Hawa mwenyewe alitoka mikono mitupu, kwa sababu mahakama iliona fedha za mradi alizopewa na mumewe alizitapanya. Yaani sheria ile imewafaa wanawake wa nchi nzima isipokuwa aliyeileta mahakamani. Kwa hiyo 40 yangu naipokea, ingawa kwa mtu aliyebeba maji ya zege kichwani, zile 10 zilizobaki njiani zinauma. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Hukumu imetaja asilimia, haikutaja ufunguo.

Tangu 2021 sheria inataka Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, na nakala yangu ni ya Kiswahili, kurasa 14. Nimeisoma mara nyingi kuliko Zaburi. Inasema ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Inasema nyumba ni mali iliyochumwa pamoja. Inasema mdai apate asilimia 40 na mdaiwa asilimia 60. Halafu inasema kila upande ubebe gharama zake, basi, muhuri. Haisemi nani akae ndani wakati tunagawana. Haisemi anilipe lini. Haisemi asiponilipa iuzwe. Asilimia 40 ya nyumba ni kitu gani, Mheshimiwa? Ni chumba kimoja na nusu? Ni jiko na varanda? Nikiamka asubuhi niifuate wapi?

Wiki moja baada ya kupata nakala nilipanda daladala mpaka Nkuhungu. Niliiweka hukumu kwenye bahasha ya kaki, bahasha kwenye kitenge, nikijua leo naingia kwangu. Geti lina kufuli jipya, la rangi ya shaba, lile la zamani nililokuwa nalifungua gizani bila kutazama halipo. Niligonga. Akatoka mpangaji, binti wa chuo, mwenye adabu zake, akafungua upenyo wa kiganja. "Shikamoo mama. Baba mwenye nyumba amesema mgeni asiingie mpaka yeye awepo." Nikamwambia mimi si mgeni, nina karatasi. Akaniangalia kwa huruma, nadhani alidhani nimechanganyikiwa. Kupitia upenyo ule niliona mwarobaini nilioupanda, na kamba niliyoifunga mwenyewe kutoka kwenye mwarobaini mpaka kwenye nondo ya bafu. Ilikuwa imeanikwa nguo za mtu nisiyemjua.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mzee yule ananifahamu tangu tunachimba msingi. Akasoma ukurasa wa mwisho akitumia kidole, akasema, "Mwanangu, hapa umeshinda. Lakini haijaandikwa nimwambie afungue." Na ni kweli, haijaandikwa.

Nikaomba kukazia hukumu, yaani mahakama isimamie itekelezwe, kama nilivyoelekezwa. Dalali wa mahakama, ambaye ndiye hutumwa kutekeleza hukumu, mtu mzima, hana haraka, aliisoma karatasi yangu ya amri ya mahakama akaniuliza swali ambalo sijapata wa kulijibu: "Mama, hapa mimi nimeamriwa nifanye nini? Niuze? Haijasemwa. Nimtoe? Haijasemwa. Nikupe 40? Niikate kwa msumeno?" Hiyo karatasi inaitwa tuzo na mimi naitwa mshinda tuzo. Ni jina zuri sana, ila muuza unga wangu halipokei.

Na usidhani haya ni ya wanawake peke yao. Pale ninapopikia yupo fundi rangi, kijana wa Kondoa, aliyejenga kwenye kiwanja chenye jina la mkewe. Amepewa nusu kwa hukumu. Mwaka wa pili huu analala sebuleni kwa dada yake, vitu vyake viko kwenye mifuko ya sandarusi. Anayebaki na ufunguo ndiye mwenye nyumba, awe mume au mke, na aliyetoka siku ya ugomvi akiwa na begi moja ndiye atakayehangaika. Ndiyo maana siku hizi wanawake wanashauriana wasitoke hata wakipigwa. "Ukitoka umeipoteza," ndivyo wanavyoambiana. Naomba ulitafakari hilo, Mheshimiwa, kwa sababu ni mahakama ndizo zimewafundisha.

2. Thamani ni ya siku gani?

Baada ya mwaka mzima mwenzangu alituma ujumbe kwa kaka yangu kwamba yuko tayari kunilipa. Alipiga hesabu ya gharama za ujenzi kwa mujibu wa daftari lake, milioni 22, asilimia 40 yake milioni 8.8, atalipa "mambo yakikaa vizuri". Anayeishi Dodoma anajua kilichotokea hapa. Serikali ilianza kuhamia 2016, CDA ikavunjwa 2017, 2018 tukawa jiji, na viwanja ambavyo watu walikuwa wakivikataa vikaanza kugombaniwa. Dalali wa nyumba (huyu ni wa mtaani, si wa mahakama) aliniambia nyumba ile haiwezi kwenda chini ya milioni 60. Asilimia 40 ya hapo ni milioni 24. Kati ya hesabu yake na bei ya soko ipo tofauti ya milioni 15.2, na hukumu haisemi tufuate ipi. Haisemi mthamini ateuliwe na nani wala alipwe na nani. Kila mwezi unaopita mwenye ufunguo anazidi kuneemeka na mimi nazidi kulipa kodi.

3. Kodi ya vyumba vya uani.

Vyumba vitatu, 60,000 kila kimoja, ni 180,000 kwa mwezi. Kwa miezi 26 ni 4,680,000. Sehemu yangu kwa asilimia ileile ya mahakama ni 1,872,000. Kodi niliyolipa mimi Nzuguni kwa kipindi hicho ni 1,300,000. Kwa hiyo kama ningepewa changu ningelipia chumba hiki na ningebakiwa na 572,000, ambayo ni ada na sare na bado. Hesabu hii nimeifanya nyuma ya risiti ya mchele, haihitaji wakili. Hukumu yenyewe haikugusa kodi hata kwa neno moja.

4. Mizabibu ya Hombolo.

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, kuliko hata nyumba, kwa hiyo nivumilie.

Mwaka 2003 marehemu baba mkwe alitupa ekari moja Hombolo. Ilikuwa pori la miiba. Mwenzangu alikuwa safarini, kama kawaida. Nilichimba mashimo na vibarua wawili, nikajaza samadi niliyoinunua kwa mkokoteni kutoka kwenye mazizi ya jirani, nikapanda vipande vya mizabibu nilivyopewa na mama mmoja wa kule. Mzabibu haukuvumilii ukiwa mvivu. Unataka nguzo, unataka waya, unataka kupogolewa kwa wakati, unataka dawa ya ubwiri asubuhi kabla jua halijapanda, na ukianza kuiva unataka mtu akae shambani afukuze ndege kutwa. Mwanangu wa kwanza alijifunza kutembea kati ya mistari ile. Zabibu za kwanza za kuuza nilizibeba ndoo mbili, nikakaa nazo barabarani, nikarudi na hela nikanunua madaftari ya shule. Shamba lilipokomaa lilikuwa linatupa mavuno mawili kwa mwaka, kama yalivyo mashamba ya Dodoma.

Mahakama ilisema shamba ni ardhi ya ukoo wa mdaiwa, kwa hiyo halimo kwenye mgawanyo. Mistari mitatu tu kwenye kurasa 14. Mheshimiwa, mimi sikuiomba ardhi ya baba mkwe. Ardhi ilikuwepo kabla yangu na itabaki kwa wajukuu zake, ambao ni wanangu. Niliuliza kuhusu mizabibu. Kifungu kilekile cha 114 kinasema mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa, kama imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au na wote wawili, nayo inahesabiwa. Hii hata haikuwepo kabla ya ndoa, tulipewa tukiwa tumeoana. Na Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtambua mwenza aliyetia nguvu zake kwenye ardhi iliyoandikwa jina la mwenzake. Lile pori la miiba na lile shamba la waya na nguzo si kitu kimoja, na tofauti iliyopo kati yake ni mgongo wangu. Angalau mahakama ingeuliza mizabibu ile ina thamani gani, ikaniambia sistahili kwa sababu hii na hii. Ningeondoka nimesikilizwa.

5. Danadana.

Nilipokwama kwenye kukazia, nikaambiwa suala la kukaa kwenye nyumba ni la ardhi, niende baraza la ardhi. Baraza likasema mali hii imetokana na ndoa, rudi ulikotoka. Nimevuka mji huu mara saba kwa ajili ya sentensi hizo mbili.

6. Kipindi cha kesi.

Shauri letu lilichukua miaka miwili, ukitoa miezi ya usuluhishi kwa wazee wa kanisa na kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, mpaka nikapata ile Fomu Na. 3 ya kufungulia kesi. Katika miaka hiyo ng'ombe sita waliokuwa kwa shemeji wakageuka kuwa wa shemeji, na pikipiki iliuzwa. Baadaye sana ndipo nikajua kwamba kifungu cha 59 kinamzuia mwenza kuuza, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na kwamba ningeweza kuweka zuio kwa msajili wa hati za ardhi kulinda maslahi yangu. Hakuna aliyeniambia siku nafungua kesi. Niliambiwa tu niongeze nakala mbili.

Sasa najua kuna majibu yatakayotolewa, na mengine nimeshapewa, kwa hiyo niyaseme mwenyewe.

Yapo ya kwamba ningekata rufaa. Rufaa ni ya asiyeridhika na alichopewa. Mimi kwenye nyumba nimeridhika, nataka nilichopewa kinifikie. Kuhusu shamba ningekata, ni kweli, lakini nakala ya hukumu niliipata baada ya miezi minne, na wakati huo niliulizwa kwa nini nimechelewa.

Yapo ya kwamba mahakama haikazii hukumu mpaka mshinda tuzo aombe. Nimeomba. Kinachokwamisha maombi yangu ni hukumu yenyewe kukosa maneno ya kukazia.

Yapo ya kwamba mahakimu ni wachache na mashauri ni mengi. Hilo naliamini, nimewaona wakitoka saa kumi na mbili jioni wamebeba mafaili. Lakini kuandika "mdaiwa amlipe mdai ndani ya miezi sita, akishindwa nyumba iuzwe" kunachukua mstari mmoja, na mstari huo ungewaondolea maombi yangu yote yaliyofuata. Hukumu isiyokamilika inazaa kesi nyingine. Yangu imeshazaa nne.

Na wapo, wengine ni wachungaji wangu, watakaosema mkiwarahisishia wanawake mali wataacha ndoa. Mimi nimekaa kwenye ndoa miaka 22. Mali haikunitoa, na wala ukosefu wake haukunirudisha.

Najua, Mheshimiwa, kwamba huwezi kuingilia shauri lililo mbele ya hakimu, na sikuombi hilo. Ninachoomba ni mambo yanayohusu utaratibu, ambayo yatanifaa mimi na yule fundi rangi na wengine tunaokutana nao kwenye mabenchi ya kusubiri:

(a) Utoe mwongozo kwamba kila hukumu ya mgawanyo wa nyumba iseme nani atakaa ndani na mpaka lini, nani atashika funguo, mwenzake alipwe kwa tarehe gani, na isipolipwa nyumba iuzwe na nani.

(b) Hukumu itaje thamani ni ya siku gani, na mthamini alipwe na pande zote mbili kwa asilimia zilezile walizogawiwa.

(c) Nyumba ikiwa na wapangaji, kodi igawanywe kwa asilimia hizo kuanzia siku ya hukumu, au iwekwe mahakamani mpaka mgawanyo ukamilike.

(d) Anayefungua shauri la talaka aelezwe siku ileile, kwa karatasi ya ukurasa mmoja, haki ya kuomba zuio la muda na ile ya kifungu cha 59. Karatasi, Mheshimiwa, si kibao cha ukutani. Tukiwa pale hatusomi kuta.

(e) Mahakama iliyovunja ndoa imalize na suala la kukaa kwenye nyumba, mtu asitumwe barazani akarudishwa. Nasikia Temeke, Dar es Salaam, tangu 2021 kuna kituo jumuishi ambako mambo ya ndoa, watoto na mirathi yanasikilizwa mahali pamoja. Mwezi uliopita nilisikia redioni Rais akizindua jengo la Makao Makuu ya Mahakama hapahapa Dodoma, na sisi tuliopikia mafundi wa mji huu tulifurahi. Utaratibu kama wa Temeke utufikie na sisi, hata kwenye chumba kimoja.

(f) Pale ardhi inaposemekana ni ya ukoo, hakimu atakiwe kuandika kwa maneno yake ameyapima vipi maendelezo yaliyofanywa juu yake: miti, visima, nyumba, mizabibu.

Katiba yetu, ibara ya 107A, inazitaka mahakama zitende haki bila kujali hali ya mtu kijamii au kiuchumi, na zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi. Ibara hiyo sikuisoma kwa wakili. Mwanangu wa kidato cha tatu aliniletea kwenye daftari lake la Uraia, akaniambia, "Mama, andika na hii."

Maombi yangu ya kukazia yatatajwa tena Jumanne tarehe 17 Juni 2025, saa tatu asubuhi. Itakuwa mara ya tano. Siku hiyo sitapika, wateja wangu wa Mtumba nimeshawaaga. Nitakuwepo saa mbili.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mshinda tuzo, Nzuguni
(Jina langu kamili liko kwenye jalada.)